Bahari Niliyoijaza kwa Maji ya Kisima Changu

Mtu akiniletea habari ya kushangaza, mimi humwacha amalize kwanza, halafu namwambia hiyo nimeiona. Hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishtua. Nimeibiwa mkokoteni mikono yangu ikiwa bado imeushika. Nimeona mafuriko yakiingia mtaani Nyalenda mpaka kwenye madirisha, na watu wakanunua kwangu maji ya kunywa wakiwa wamesimama ndani ya maji. Shule niliacha darasa la sita, upande wa Sondu, na leo wenye digrii wanakuja ofisini kwangu na bahasha, wananiita Mzee, hata wale walionizidi umri. Mtu wa aina hiyo utamtisha na nini?

Basi nilisumbuliwa na majani. Tena si majani ya shambani. Majani ya ndani ya kioo, membamba kama nywele za mtoto mchanga, na mpaka leo nikiyafikiria nasikia shingo inakaza kwa hasira.

Nianzie Mombasa, kwa sababu huko ndiko nilikotukanwa. Nilikuwa nimeenda kununua pampu. Ofisi ya yule muuza pampu ilikuwa na tangi la kioo la samaki wa bahari: samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mawe ya zambarau, na matumbawe yanayochezacheza kama vidole. Nilikaa mbele yake saa nzima. Nikamwambia karani, nataka kama hili kwenye hoteli yangu ya samaki pale Kisumu, ufuoni. Karani akacheka, si kwa ubaya, lakini akacheka.

"Kwenu bara, mzee? Hili haliwezekani. Nyinyi wekeni ngege, samaki wenu wa ziwani."

Nililipa pampu yangu nikaondoka. Mimi mtu akiniambia haliwezekani, hapo ameshanipa kazi.

Kisumu hatukosi watu. Kuna fundi mmoja Mwislamu wa hapa hapa mjini, mama yake wa huku, baba yake wa pwani, aliyefanya kazi hiyo ya matangi Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Mpole, ndevu nyeupe, anaongea Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi wengine tunaona haya kufungua mdomo. Akaja, akapima ukuta kando ya kaunta, akachora. Vijana wa kuchomelea vyuma wakanitengenezea meza ya kubeba lita mia sita. Mawe yakaja, mchanga ukaja, taa zikaja, na mashine ya kutoa povu chafu ikaja. Chumvi ya bahari ikaja ndani ya ndoo, kwa maana bahari ya namna hii huichoti baharini, unachukua maji matamu unatia chumvi.

Na hapo kwenye maji ndipo tulipogombana.

"Maji, mzee wangu, tutanunua yale yaliyochujwa kwa mashine," akasema. "Yale ya madukani ya mitungi mikubwa. Yasiwe na kitu ndani kabisa."

"Tutanunua?"

"Tutanunua."

Sasa nieleze, kwa sababu mtu asiyenijua atafikiri nilikuwa mbishi tu. Kila nilichonacho kimetoka kwenye maji. Kisima cha Nyalenda nilikichimba mwenyewe, kwa jembe na ndoo, nikiwa kijana, futi ishirini na mbili, mpaka maji yakanifika kifuani. Nikayauza kwa mkokoteni. Baadaye nikaweka pampu, nikainua tangi la plastiki juu ya vyuma, nikafungua kibanda chenye mifereji sita. Kibanda kikajenga ploti za vyumba vya kupangisha. Ploti zikajenga nyumba ya Migosi. Nyumba ya Migosi ikaniwekea dhamana ya hoteli. Na kazi yetu ina desturi yake: mteja mpya akija, muuzaji anachota kikombe, anakunywa yeye kwanza mbele ya macho yake. Mimi nimekunywa hivyo tangu sijaoa. Ulimi wangu unajua maji kuliko mashine yoyote. Halafu mtu aniambie niende dukani kwa washindani wangu, nisimame foleni, ninunue maji! Wateja wangu wakiniona?

Nikamwita mhudumu alete glasi ya maji ya kisima changu. Nikaiinua kwenye mwanga, hamna hata unyuzi. Nikainywa yote mbele ya fundi.

"Umeona? Nimeanguka?"

Akatabasamu kwenye ndevu. "Hukuanguka, mzee. Lakini wewe si tumbawe."

Wahudumu wakacheka. Nikawaangalia, wakapata kazi za kufanya. Nikamwambia fundi tangi ni langu, ukuta ni wangu, na maji yatakuwa yangu. Lori langu likaleta mapipa matatu kutoka Nyalenda siku ileile.

Wiki ya kwanza nilitembea kama gavana. Watu walikuja na watoto wao, wakapiga picha. Kulikuwa na mteja wangu wa kila siku, mzee mmoja karani mstaafu, mtu wa kuagiza mbuta ya kukaanga na kukalia kiti kimoja mpaka jioni, mdomo wake haujawahi kupumzika. Hata huyo alinyamaza. Nikajua nimeshinda.

Wiki ya pili mchanga ukaanza kupaka kahawia, kama mtu amemwaga kakao. Nikampigia fundi.

"Hiyo ni kawaida ya tangi jipya," akasema. "Usiiguse. Itakuja na itaondoka yenyewe. Punguza taa, punguza chakula, na usiongeze maji ya kisima, nakusihi."

Na kweli ile kahawia iliondoka. Kwa hivyo nikajua fundi ni mwoga tu.

Halafu zikaja zile nywele. Kwanza kishungi kimoja cha kijani juu ya jiwe, mtu angeweza kusema ni pambo. Siku tatu baadaye kila jiwe lilikuwa na kichwa. Baada ya wiki moja samaki walikuwa wanapita katikati ya nyasi kama ng'ombe wa Ahero. Fundi akaziita mwani. Mimi niliziita majina ambayo siwezi kuandika hapa, watoto wangu watasoma.

Nilifanya kile ambacho mtu wa maji anafanya. Mtungi ukishika utelezi, unaumwaga, unausugua, unaujaza maji mapya. Nikavua saa, nikakunja shati, nikaingiza mikono mpaka kwapani, nikang'oa zile nywele kwa vidole, nikasugua mawe kwa mswaki. Nikatoa nusu ya maji, nikakoroga chumvi na maji mapya ya kisima changu, nikajaza. Yaling'aa. Wateja wakapiga makofi, nikawapungia mkono wenye harufu ya chumvi.

Siku nne! Siku nne tu, zikarudi, ndefu kuliko za kwanza. Nikamwaga tena, nikajaza tena. Zikarudi zimenona. Nikaongeza kasi, kila Jumatatu na kila Ijumaa, mapipa kwa mapipa. Lori lilikuwa linajua njia lenyewe. Kadiri nilivyoleta maji mengi ndivyo zilivyositawi, na juu yake kukaanza kutanda utando mwekundu wa kuteleza, kama damu iliyoganda, wenye vipovu. Matumbawe mawili yakajikunja yakafa. Konokono wa kula mwani, waliouzwa kwangu kwa bei ya kuku, walilemewa wakageuka miguu juu, kama konokono wana miguu.

Yule karani mstaafu akapata sauti yake.

"Jaduong'," akaniita kwa Kijaluo, yaani mzee, mbele ya meza zilizojaa, "ulituahidi bahari. Hii si ni ziwa letu? Sasa tunalipa kuangalia kitu tunakiona bure hapo nje?"

Na ukweli ni kwamba miezi hiyo ziwa lenyewe lilikuwa limegeuka kijani ufuoni, kama rangi ya kupaka mlango, na magugu yamejipanga mpaka kwenye ngazi zangu. Mtu akikaa meza ya katikati, anaona kijani dirishani, akigeuza shingo anaona kijani kwenye kioo.

"Weka nyavu ndani," akaongeza, "labda utapata omena."

Walicheka mpaka wa jikoni wakatoka kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka. Nilimtafuta wa kumlaumu. Nikasema wahudumu wanatupa ugali ndani ya tangi, nikawapanga mstari nikawafokea, nikabandika tangazo. Nikasema mpishi anapuliza moshi wa mafuta upande ule. Mwisho nikamwita fundi, nikamwambia aliniletea mawe yenye ugonjwa, kwamba alipatana na yule karani wa Mombasa wanicheke.

Fundi hakupandisha sauti. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa zake ndogo za kupimia na kadi yenye rangi, kuanzia manjano ya chai hafifu mpaka nyekundu ya kiazi sukari.

"Nipe pipa lako moja nilipime, tumalize ubishi."

"Maji yangu hayapimwi! Yamenywewa miaka thelathini, yatapimwa na wewe leo?"

"Mzee, kila ukijaza unawapa chakula."

"Toka."

"Haya. Lakini—"

"Nimesema toka hotelini kwangu!"

Alitoka, na heshima zake zote. Kwa haraka akasahau zile chupa na kadi juu ya kaunta. Niseme ukweli, hata nilipokuwa namfukuza nilijua sauti yangu ni kubwa kuliko ilivyohitajika. Lakini ukishapanda, kushuka ni kazi.

Kesho yake, saa za chakula cha mchana, binti yangu alikuja na mjukuu wangu wa miezi miwili. Binti huyu ni muuguzi, nimemsomesha kwa mitungi, kila kitabu chake ni safari ya mkokoteni. Alikuwa likizo ya uzazi, anakaa kwangu Migosi, na kwa kuwa karibu angerudi kazini, alikuwa ameanza kumzoesha mtoto chupa. Maji ya hiyo chupa, nani angeyatoa? Mimi nilikuwa nimesema wazi kwamba mjukuu wangu hatakunywa maji ya mtu mwingine. Lori likienda hotelini lilikuwa linapitisha mitungi miwili nyumbani. Yeye anayachemsha, anaweka kwenye chupa ya chai, anatembea nayo.

Mtoto akalala kwenye kikapu chake. Binti yangu akaona zile chupa za fundi, akasoma karatasi yake, maana huyu hawezi kuona maandishi akayaacha.

"Baba, nipime tangi lako?"

"Pima. Umwambie yule fundi wako wa dini."

Akachota maji ya tangi kwenye kile kichupa, akatia matone, akatikisa, akasubiri. Yakabaki manjano, yale manjano ya mwanzo kabisa kwenye kadi. Safi!

Nilipiga kaunta kwa kiganja. "Iteni huyo karani mstaafu aje aone! Maji safi! Nilisema nini mimi? Nilisema nini?"

Binti yangu hakusherehekea. Aliangalia kadi, akaangalia zile nyasi, akaangalia kadi tena. "Lakini kitu fulani kinazilisha hizi, Baba. Labda zinakila chote kabla hatujakiona." Akatazama mlangoni, ambapo lori lilikuwa limeshusha pipa la Ijumaa, bado limefungwa. "Nipe yale ambayo hayajaingia."

Ningeweza kumkataza. Nilikuwa nimelewa ushindi, nikasema chota.

Akatia matone, akatikisa. Sikuhitaji kusubiri dakika zilizoandikwa. Yalikuwa ya chungwa kabla hajakiweka kichupa chini, na alipokiweka yakaendelea kuiva, yakapita rangi zote za kadi mpaka ile ya mwisho, nyekundu ya kiazi sukari, na ninaamini kama kadi ingekuwa ndefu zaidi yangeendelea.

Yule mstaafu alikuwa amefika kaunta. Akainama akakitazama kile kichupa.

Binti yangu aliinuka. Akaenda kwenye kikapu, akachukua chupa ya mtoto iliyokuwa imeshachanganywa maziwa, akaifungua, akaimwaga yote kwenye sinki mbele yangu. Kisha akaifungua chupa ya chai, akamwaga na hayo. Alifanya polepole, kama anaosha vyombo.

"Unafanya nini?"

"Ni naitreti, Baba. Inatoka chooni, inaingia kisimani. Haina rangi, haina harufu, ulimi hauioni."

"Si unachemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hii haifi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, inazidi." Akamfunika mtoto vizuri, ingawa hakukuwa na baridi. "Mimi na wewe hatutasikia kitu. Mtoto wa miezi miwili ikimzidi, damu yake inashindwa kubeba hewa. Anageuka bluu, Baba. Nimewaona wodini."

Mtoto alikuwa salama. Alikuwa amekunywa chupa chache tu, mengine yote ni maziwa ya mama yake. Nasema hivyo mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikupata mtu wa kuniambia mapema. Nilisimama pale nikiangalia kucha zake, moja moja, mpaka akaamka akalia, na nikashukuru kelele yake kuliko nilivyowahi kushukuru kitu.

Halafu hasira ikarudi. Nikamfokea binti yangu kwamba chupa za samaki haziwezi kupima maji ya watu. Nikabeba chupa ya maji ya kisima hadi kwenye maabara mjini ili nimwaibishe. Baada ya siku kadhaa nikaenda kuchukua karatasi. Kusoma hesabu zao siwezi, nikamwomba kijana wa dirishani anisomee. Akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee, hiki kisima ni cha nani?"

"Cha mtu fulani," nikasema.

"Mwambie afunge."

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi Nyalenda. Nilisimama karibu na kisima changu nikageuka taratibu, mara moja tu, mzunguko mzima. Miaka yote hiyo sikuwahi kugeuka. Nilipochimba kulikuwa na shamba la sukuma wiki na miti miwili ya mpera. Sasa niliona vyoo vya shimo kumi na kimoja. Nilianza kuwatukana wenye vyoo, wabahili wasiotaka kuchimba mbali na maji ya watu. Kisha nikaona mabati ya bluu ya vile vinne vilivyo karibu zaidi. Mabati ya bluu ni yangu. Ni vya ploti zangu. Mimi ndiye niliyewaonyesha wachimba vyoo pa kuchimba, kwa kidole, ili nipate nafasi ya vyumba viwili zaidi.

Nani wa kumfokea hapo? Nilipiga teke mtungi wa mtu, nikalipa mtungi.

Watu wa nyumbani walinishauri niseme pampu imeharibika, nifunge kimya kimya. Nilikaa na ushauri huo siku mbili, sitadanganya, ulikuwa mtamu. Lakini kila nikifumba macho naona ile chupa ya maziwa inamwagwa, na nawaza ni chupa ngapi Nyalenda ambazo hakuna wa kuzimwaga.

Asubuhi ya tatu nikafunga mifereji yote sita, nikasimama juu ya saruji ya kibanda mbele ya akina mama na mitungi yao. Nikasema: maji haya msimpe mtoto mchanga, hata mkiyachemsha. Yaogeeni, yafulieni. Nimepima. Kosa ni vyoo, na vingine ni vyangu.

Mama mmoja, muuza mandazi, mteja wangu tangu enzi za mkokoteni, akaweka mtungi wake chini.

"Umepima lini?"

"Juzi."

"Na miaka yote ulikuwa unapima na nini? Na tumbo lako?"

Wakacheka, kicheko kibaya. Mwingine mwenye mtoto mgongoni akasogea mpaka akanifikia kifua. "Bwana, uliniambia mwenyewe. 'Mpe mtoto, ni safi kama ya mvua.' Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Hata haoni haya kukubali!"

"Unataka nikatae?" nikamjibu kwa ukali, na nikaona kwamba namfokea mtu ambaye anadai haki yake. Nikashuka kwenye saruji. Nilisikia mengine mengi pale, juu ya mama yangu, juu ya tumbo langu, juu ya gari langu. Niliyasikia yote nikiwa nimesimama. Nikafungua mfereji mmoja, wengine wakachota ya kufulia, wengine wakaondoka na mitungi mitupu bila kuniangalia.

Nilivuta maji ya bomba la mji mpaka kwenye kibanda. Nilivibomoa vyoo vyangu vinne, nikawajengea wapangaji vipya vyenye tangi lililosakafiwa, upande wa pili, na vile vyumba viwili nikavivunja kupata nafasi. Wenye vile vyoo saba vingine tunagombana nao mpaka leo, na nitawashinda. Kisima nimekifunika kwa zege.

Fundi nilimfuata nyumbani kwake. Nilikunywa chai yake ya tangawizi nikashindwa kusema neno la pole, nikasema tu tangi lina kazi. Akavaa kofia yake, akaja. Tulinunua maji yaliyochujwa, mimi mwenyewe nikiwa foleni, na muuzaji akanitambua akaita wenzake waje waone. Wacha waone. Zile nyasi hazikufa siku moja. Zilipauka wiki baada ya wiki, zikakonda, zikang'oka zenyewe kwenye mawe. Kishungi kimoja bado kiko nyuma ya pampu. Fundi anasema nikiache, tangi lisilo na mwani kabisa halipo. Mimi nakiangalia kila asubuhi na sikipi salamu.

Watu wananiuliza tangi la samaki Kisumu linagharimu pesa ngapi, wakifikiri nitawaambia bei ya kioo na taa. Nawaambia yote, pamoja na bomba, vyoo, vyumba nilivyovunja na zege: shilingi milioni moja, laki nne, elfu sitini na saba, mia tatu na hamsini.